Sakafu ya Chokaa

Neno sakafu, ambalo leo twalitumia kwa kitu kilicho chini ya nyayo zetu, asili yake kwa Waarabu ni dari. Wala si ajabu, kwani katika majumba ya mawe ya Lamu na Unguja dari ya aliye chini ndiyo makanyagio ya aliye ghorofani.

Zilipokwisha kulazwa boriti za mikoko, ambazo urefu wake wa karibu mita 3 ndio uliovifanya vyumba vya kale kuwa virefu na vyembamba, yalipangwa juu yake mawe ya matumbawe, kisha ikamwagwa kokoto iliyochanganywa na chokaa, nayo chokaa ni matumbawe yayo hayo yaliyochomwa kwa magogo na kuzimwa kwa maji. Hapo ndipo wapigiliaji walipojipanga safu, vipande vya mti mikononi, wakapigilia siku baada ya siku kwa mwendo wa nyimbo, kwa kuwa chokaa isiyopigiliwa hupasuka, na juu ya paa mvua haina muhali.

Saruji ilipokuja haikutaka subira hiyo, wala nyimbo; na kipande, kwa maana ya chombo cha kupigilia, naona kimebaki zaidi katika kamusi kuliko mikononi mwa waashi.