Mashine pepe na saa inayochelewa

Wiki hii nimepoteza siku mbili nikitafuta dakika 21. Karani wa sacco moja alikuwa ameambiwa akae nyumbani kwa kuwa rekodi zilionyesha amepokea pesa za wanachama kabla hazijatumwa. Ujumbe kwenye simu ya mwanachama unasema saa 3:25 asubuhi, rekodi ya sacco inasema saa 3:04. Mkaguzi aliona wizi. Mimi nilishuku seva, ambayo kumbe ilikuwa mashine pepe, yaani tarakilishi iliyoundwa kwa programu ndani ya tarakilishi nyingine.

Ugonjwa huu ni wa zamani, na IBM waliupatia dawa kabla sijazaliwa. System/370 ya mwaka 1970 ilikuwa na saa ndani ya mashine yenyewe, ambayo programu yoyote ingeweza kuisoma kwa amri moja. VM/370 ilipokuja mwaka 1972, mashine pepe iliyolazwa ikaamshwa ilisoma saa hiyo tu, ikajua ni saa ngapi.

Halafu mwaka 1981 IBM hao hao wakatoa PC. Hiyo haikuwa na saa inayokumbuka chochote umeme ukizimwa. DOS ilikuuliza tarehe na saa kila ukiiwasha. Baada ya hapo ilihesabu mapigo ya chipu ndogo, kama 18.2 kwa sekunde. Kila pigo, ongeza kidogo. Linux nayo ikarithi desturi ya kuhesabu: mapigo 100 kwa sekunde, na toleo la 2.6 la Desemba 2003 likapandisha hadi 1000.

Kuhesabu mapigo hakuna shida ukiwa peke yako kwenye mashine. Lakini VMware Workstation ilipotoka mwaka 1999, Linux ilianza kuishi kama mgeni kwenye PC ya mwenyeji. Mwenyeji akihudumia wengine, mgeni amelala, na mapigo yanarundikana. VMware walijaribu kumletea mapigo yaliyochelewa kwa haraka haraka. Baadhi ya matoleo ya Linux nayo yalikuwa na ujanja wao wa kukisia mapigo yaliyopotea na kuyafidia. Matokeo? Pigo moja linahesabiwa mara mbili, na saa inakimbia! Programu za awali za VMware za kurekebisha saa ya mgeni nazo ziliweza kuisogeza mbele tu, si kuirudisha nyuma.

Utasema, si kuna NTP? Ipo, na David Mills aliichapisha mwaka 1985. Lakini iliundwa kwa ajili ya saa za kwazi, ambazo hukosea kidogo na kwa mwendo ule ule. Ikisukuma saa polepole, haiwezi kuzidi takriban sekunde 43 kwa siku. Na programu yake, ntpd, ikikuta tofauti ya zaidi ya sekunde 1000 wakati inaendelea na kazi, huamua kuna jambo lisilo la kawaida na kujizima.

Watu wa Xen kule Cambridge walikuwa na jibu mwaka 2003: mwambie mgeni kwamba yeye ni mgeni, kisha mpe saa ya mwenyeji aisome. KVM ikafuata njia hiyo mwaka 2008 kwa kvmclock. Kwa maoni yangu, miaka mingi iliteketea kwa sababu tulisisitiza kumdanganya mgeni kwamba nyumba ni yake. Jibu lilikuwepo tangu 1970.

Lakini hata kvmclock husimama mashine pepe ikisimamishwa. Mashine ya sacco ilisimamishwa usiku ili nakala ya akiba ichukuliwe. Ilipoamshwa, saa iliendelea pale ilipoishia. Dakika 21 ni sekunde 1260. ntpd iliona, ikaandika mstari mmoja kwenye logi, ikajizima. Hakuna aliyeusoma.

Nimeondoa kile kikomo cha sekunde 1000, na sasa mwenyeji humpa mgeni saa sahihi kila anapomwamsha. Ule mstari nimeuchapisha kwenye karatasi, pamoja na logi ya mwenyeji, nikampelekea mkaguzi. Alisoma mara mbili, akaniuliza kwa nini mashine haikupiga kelele. Karani anarudi Jumatatu. Rekodi za asubuhi ile hazijaguswa. Kila moja ina maelezo pembeni, na saa halisi.