Kifubaza Ulikaji

Kemikali inayotiwa ndani ya mabomba ya viwandani ili chuma kisiliwe, mafundi wengi huiita dawa ya kutu. Jina hilo ni jepesi mdomoni, lakini linapotosha mara mbili.

Kwanza, kutu. Kutu ni ule wekundu unaobanduka, na huzaliwa chuma kinapokutana na maji na oksijeni. Ndani ya bomba la mafuta ghafi, kwa kawaida oksijeni haimo. Kilichomo ni maji na kaboni dioksaidi. Vikichanganyika huwa asidi, nayo hula chuma bila kuacha wekundu wowote. Neno linalofaa ni ulikaji, litokanalo na kula na kulika. Linataja tendo lenyewe, chuma kiwe na kutu au kisiwe nayo.

Pili, dawa. Hata asidi ya kung'olea kutu huitwa dawa ya kutu, ilhali kazi yake ni nyingine kabisa. Wengine husema kizuia kutu, lakini kemikali hii haizuii kikamilifu. Molekuli zake hushika chuma kwa kichwa chenye naitrojeni, na mkia wake wa mafuta hufukuza maji. Hapo hutandaza utando mwembamba. Chuma huendelea kulika, ila polepole sana, na utando ukibanduka bila kutiwa kemikali nyingine, kasi hurudi.

Kitenzi chake tunacho: kufubaza. Hospitalini tunasema dawa za kufubaza makali ya VVU, na wengi wanaozitumia wanajua humezwa kila siku, kwa kipimo. Basi napendekeza kifubaza ulikaji.

Jina hili lina onyo ndani yake. Mwaka 2006, huko Prudhoe Bay, Alaska, bomba la kampuni ya BP lilitoboka na kumwaga takriban mapipa 5,000 ya mafuta. Kifubaza kilikuwa kikitumika, lakini mashapo yalituama sakafuni mwa bomba, kikashindwa kukifikia chuma. Bomba halikusafishwa ipasavyo.

Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, Tanzania, lina urefu wa kilomita 1,443, na wengi watakaolitunza watazungumza Kiswahili kazini. Walimu wa ufundi, wafundisheni kusema kifubaza, wajue tangu siku ya kwanza kwamba kazi yake haina likizo.