Konyagi Isiyo ya Zabibu: Historia ya Jina, kutoka Cognac hadi Temeke

Makala haya yanajenga hoja kwamba neno konyagi lilifika Dar es Salaam likiwa limeachana na kinywaji kilicholizaa. Katika eneo la Cognac, Ufaransa, mvinyo wa zabibu nyeupe hukenekwa mara mbili kwa mitambo ya shaba, kisha hulazwa katika mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua 2. Rangi yake ya kahawia na sehemu kubwa ya harufu yake hutokana na mapipa hayo. Konyagi ya kiwanda cha Tanzania Distilleries, Chang'ombe, wilayani Temeke, ni pombe ya miwa, nayo haina rangi.

Tofauti hiyo ina historia. Mikataba ya Brussels (1890) na Saint-Germain (1919) ilibana uingizaji wa pombe kali barani Afrika, na sheria za Tanganyika ya kikoloni ziliwanyima Waafrika vinywaji hivyo. Wengi walilijua jina kabla ya ladha. Kwa hiyo, mtafiti anayetafsiri konyagi ya msimulizi wa Temeke au Kinondoni kuwa kinywaji cha zabibu kilichokomazwa hakosei msamiati tu. Anafuta kumbukumbu ya katazo hilo.