Sava Si Habari

Kijana mmoja anayeuza mayai ya kuchemsha na maji ya chupa kwenye foleni ya malori pale Tunduma, mpakani na Zambia, alinionyesha daftari lake. Ni dogo, amelikunja mara mbili ili lienee mfuko wa nyuma wa suruali, na jalada lina doa la kachumbari. Ukurasa wa kwanza kaandika Kibemba, wa pili Kinyanja, wa tatu Kifaransa. Juu ya ule wa tatu kuna mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: "Sava = Habari. Bo = Nzuri."

Alikuwa na shida moja. Wafanyabiashara wa Lubumbashi, kule Kongo, wanaopita pale kwenda Kariakoo humsalimia "Ça va?", naye hujibu "bon" kwa moyo wote. Wanatabasamu, kisha wanahamia Kiswahili. Alitaka kujua amekosea wapi, maana kamuuliza mtu na kaambiwa kwamba "bon" ni "nzuri" kweli.

Ni "nzuri" kweli. Kosa linaanzia kwenye Kiswahili chenyewe, mahali ambapo sisi tuliozaliwa nacho hatuangalii. Mtu akikuuliza "habari?" ukajibu "nzuri", ile n- ya mwanzo ni mkono wa habari uliobaki mlangoni. Umesema "habari nzuri", nomino ukaimeza. Ndiyo maana hujibu "mzuri" wala "vizuri". Unazisifu habari, wewe mwenyewe hujajisifu. Sasa "ça va" haina nomino ya kusifiwa. Ina kitenzi, "va", kutoka "aller", yaani kwenda, na mbele yake "ça", kifupi cha "cela", yaani hiyo, hilo, hicho. Mfaransa anauliza: inakwenda? Ukimjibu "bon" ni kama umeulizwa "gari linatembea?" ukasema "zuri". Kinachotakiwa pale ni "bien", neno la namna, ndugu wa "vizuri" yetu. Au jibu jepesi kuliko yote: "ça va", inakwenda. Maneno ni yale yale, kinachobadilika ni kiimbo. Sauti inapanda kwa anayeuliza na kushuka kwa anayejibu.

Nimelitafakari hili "ça" muda mrefu. Halisemi ni nini kinachokwenda. Huenda ni kazi, huenda ni ndoa, huenda ni goti linalouma. Muulizaji amefungua mlango bila kutaja chumba, na anayejibu anaweza kupita bila kufunua kitu. Kiswahili chetu hufanya kinyume, hutaja vyumba vyote. Habari za safari? Habari za nyumbani? Za watoto? Za kazi? Za tangu juzi? Habari ni neno la Kiarabu lenye maana ya taarifa, na tumelichukua hivyo hivyo: tunamwomba mtu taarifa, moja baada ya nyingine, naye huzitoa moja baada ya nyingine, hata kama zote ni "nzuri" na mtoto kalazwa. Habari ya mtoto itakuja mwishoni, baada ya "ila tu".

Kabla ya habari tulikuwa na jambo. "Hujambo?" ni kumuuliza mtu kama hana jambo, naye hujibu "sijambo", sina. Heri ya mtu ni kutokuwa na jambo. Kisha vijana wakaja na "mambo?", wakaulizia yale yale ambayo wazee waliomba yasiwepo, na jibu likawa "poa". Wapo wanaoliona "poa" neno la mitaani lisilo na ukoo. Vuka mpaka uingie Nakonde, umsikilize mzee wa Kibemba anavyompokea mgeni: "Mwapoleni." Ndani yake kuna -pola, kutulia, kupona, na huyo ndiye -poa wetu kabla Kiswahili hakijadondosha ile l ya katikati, kama kilivyoidondosha katika mvua, ambayo Wanyanja bado wanaiita mvula, na katika njaa, ambayo kwao ni njala. "Pole" ni wa nyumba hiyo hiyo. Kijana wa Dar es Salaam anayesema "poa" hajui kwamba anaitikia salamu ya Nakonde.

Tunduma ni mahali pazuri pa kusikiliza haya, kwa sababu barabara ya Katanga inapita hapa: Nakonde, Mpika, Kapiri Mposhi, Kasumbalesa, Lubumbashi. Malori hupanda na mafuta na makontena, hurudi na shaba. Shaba hiyo imewahi kuwa jina: Katanga yenyewe iliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, neno la Kiswahili likaandikwa kwenye ramani ya nchi inayoendeshwa kwa Kifaransa. Kiswahili kiliingia huko na misafara ya karne ya 19, kikakua kwenye kambi za wachimbaji wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa 1906, na leo mtu wa Lubumbashi hukisema na Kifaransa mdomo mmoja. Atakwambia "jambo", atakwambia "ça va?", atakwambia "aksanti", na habari zake zitakuwa "muzuri". Kwa hiyo lugha hizi mbili si wageni. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo, alichapisha kamusi ya Kifaransa kwa Kiswahili mwaka 1891, na mwaka 1939 akatoa ile kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa. Tangu 2019 Kiswahili kinakaa pamoja na Kifaransa miongoni mwa lugha rasmi za SADC, na tangu 2022 Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kijana wa mayai yuko mahali pake kabisa anapojaza daftari.

Je, "ça va" tumpe neno gani? Wengi wangesema "unaendeleaje?", maana ndani yake kuna mwendo. Nalikataa. Kuendelea ni kuendelea na kitu kilichokwisha kuanza, na masikioni mwetu kitu hicho mara nyingi ni ugonjwa au msiba. Muulize mtu mzima wa afya "unaendeleaje?" asubuhi na mapema, atataka kujua nani kakwambia anaumwa. "Mambo yanakwendaje?" ni karibu zaidi, lakini ni refu, na halijibiwi kwa kurudishwa.

Jibu nililipata pale pale kwenye benchi la mama ntilie tulipokuwa tumekaa. Mwanamke mmoja wa Lubumbashi, amejifunga kitenge juu ya sweta kwa baridi ya asubuhi, aliinama mlangoni akasema, "Bonjour, maman. Ça va?" Mama ntilie, ambaye hana daftari, hakugeuza hata uso kutoka kwenye karai la chapati. "Sava, mama. Salama? Karibu, chai ipo." Mgeni naye: "Salama." Akakaa.

Salama? Salama. Hapo pana kila kitu. Neno moja, linaulizwa kwa sauti ya kupanda na kujibiwa kwa sauti ya kushuka, halitaji chumba, halimtaji mtu. "Mzima?" nalo hurudi lilivyo, ila limemshika mtu mwenyewe kwa ile m- yake. Kwa ukaribu wa umbo nitachagua "salama". Linachokosa ni mwendo. Nakubali kuukosa, maana Kiswahili huweka mwendo zaidi kwenye jibu la mtu mwenye shida kuliko kwenye swali. Ukisikia "tunasogeza siku", "tunasukuma", "mdogo mdogo", hapo ndipo mambo yanapokwenda kwa kujikongoja, kama Mkongo anaposema "ça va un peu", inakwenda kidogo.

Nacho Kifaransa hakikosi habari. Kina msemo "prendre des nouvelles", kuchukua habari za mtu, na hutumika hasa kwa aliye mbali au aliyepotea kitambo. Aliye mbele yako huulizwa mwendo, aliye mbali huulizwa habari. Sisi tendo lote tunaliita kujuliana hali, na sijui neno la kigeni ninaloweza kulibadilisha nalo.

Kijana alifuta mstari wake mwekundu, akaandika: "Sava? = Salama? Sava. = Salama. Byen = Vizuri." Kisha akaniuliza shikamoo ni nini kwa Kifaransa, kwa sababu wapo akina mama watu wazima kati ya wateja wake na anaona aibu kuwaambia "sava" kama wenzake. Nikamweleza habari ya "vous". Kwamba Mfaransa akitaka kuheshimu humuita mtu mmoja kwa wingi, "Comment allez-vous?", nyinyi mnakwendaje, kama Wabemba wa ng'ambo wasemavyo "muli shani", mko vipi, hata kwa mzee mmoja peke yake. Kwetu wingi kwa kawaida ni hesabu tu. Heshima tumeiweka kwenye neno la kwanza, neno ambalo wengi hulifasiri kuwa ni kushika miguu ya mkubwa, kabla swali lolote halijaulizwa. Kwa hiyo "Comment allez-vous, maman?" haitoshi kuwa sentensi moja kwa Kiswahili. Ni "Shikamoo mama", usubiri "marahaba", ndipo "habari za safari?"

Aliandika "alevu" kwa herufi za taratibu. Juu yake akaandika "Shikamoo =", akaacha nafasi. Foleni ilikuwa imesogea. Akabeba trei yake ya mayai akakimbilia lori la mbele.