Ufa, Zege na Nafsi ya Pili: Majengo ya Kampala Tangu Miaka ya 1950

Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kuandika ubaoni methali "Usipoziba ufa utajenga ukuta". Tunaifundisha kama onyo juu ya uzembe, kisha tunahamia methali inayofuata. Katika makala haya mafupi tunapenda kuirudisha ukutani na kuitazama hapa Kampala, ambako wengi wetu tunafundisha na kuishi katika majengo ya zege yaliyopita umri wa miaka 50.

Zege lilienea mjini petu katika miaka ya 1950. Kiwanda cha saruji cha Tororo kilianza kazi mwanzoni mwa miaka hiyo, na bwawa la Owen Falls huko Jinja likafunguliwa mwaka 1954. Jumba la Taifa la Maonyesho lilifunguliwa 1959, na Mulago Mpya ikafuata mwaka 1962. Pembeni mwa majengo hayo makubwa, wafanyabiashara wenye asili ya Asia walisimamisha orofa nyingi za maduka na makazi katikati ya mji.

Ukuta wa udongo ukipasuka, maji hupita penye ufa. Aliyeziba mapema ameuokoa. Zege lenye nondo lina tabia nyingine. Likiwa jipya, ukali wa chokaa iliyomo huilinda nondo isishike kutu. Kabonidioksidi ya hewani hupenya polepole, mwaka baada ya mwaka, na kuuondoa ukali huo. Ikifika kwenye nondo, na mvua nayo ikapata njia, kutu huanza. Kutu huhitaji nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa, hivyo zege husukumwa kutoka ndani hadi likapasuka. Ufa unapoonekana nje, ugonjwa umekwisha kukomaa ndani. Wenzetu wa Mombasa na Dar es Salaam wana adui wa ziada, chumvi ya bahari. Sisi tuna misimu miwili ya mvua, na mifereji ya paa isiyozibuliwa.

Kwa hiyo kuziba si kazi ya kwanza. Fundi mjuzi huanza kwa kugonga na nyundo na kusikiliza: zege zima hutoa mlio mkali, lililoachana hulia kama mtungi mtupu. Mhandisi hubomoa kidogo na kunyunyiza dawa ya maabara iitwayo fenolfthalini. Penye ukali hugeuka rangi ya waridi iliyokoza, palipokwisha nguvu hapabadiliki. Ndipo zege bovu hukatwa hadi nyuma ya nondo, kutu husuguliwa, chuma kilichokonda huongezewa kingine, na mwishowe pakazibwa. Kupaka plasta juu ya ufa tu ni kuuficha. Na hata ukarabati wenyewe una hatari zake: Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakafa.

Sasa tuingie kwenye sarufi. Katika methali yetu kiambishi u- kimetokea mara mbili, katika "usipoziba" na "utajenga", na mara zote kinamlenga mtu mmoja. Asiyeziba ndiye atakayejenga. Historia ya Kampala iliwatenganisha watu hao. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Majengo yao yakawekwa chini ya bodi ya serikali ya kutunza mali zilizoachwa, na wapangaji wakaingia. Sheria ya kuwarudishia wenyewe ilipitishwa mwaka 1982, lakini marejesho mengi yalisubiri miaka ya 1990. Kwa takriban miaka 20, wakati uleule hewa ilipokuwa ikiitafuta nondo, mpangaji alisema jengo si lake, na mwenyewe alikuwa ng'ambo. Waliorudi walikuta nyufa ambazo hawakuwahi kuziona zikianza.

Udhibiti nao ulikuja kwa njia ya misiba. Hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja ilianguka mwaka 2004; mwaka 2006 likafuata kanisa la Kalerwe, ambako zaidi ya watu 20 walikufa; Oktoba 2008 udongo uliwafukia wafanyakazi katika shimo la msingi, Barabara ya Lumumba. Mwaka 2013 ikapatikana Sheria ya Kudhibiti Majengo, pamoja na bodi ya taifa na kamati za majengo. Kanuni zake zilitoka mwaka 2020. Misiba yote mitatu ilitokea penye ujenzi mpya, na kwa maoni yetu ndiyo sababu jicho la udhibiti limeelekea huko: kibali cha kujenga, kisha kibali cha kuhamia. Orofa ya mwaka 1958 ilikwisha kukaliwa kabla bodi haijazaliwa.

Miaka michache iliyopita, kipande cha zege kikubwa kama sahani kilianguka kutoka kwenye roshani ya jengo moja tunalolipita kila siku. Kwa bahati hakikumpata mtu. Wiki iliyofuata pakapigwa plasta na rangi. Hatukumwona yeyote akigonga kwa nyundo. Baada ya mvua za masika mawili, mstari wa kutu ulitokea palepale. Muhula huo mwanafunzi mmoja, akichambua methali darasani, alinyosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, huyo u- ni nani hasa?" Tulimjibu kwamba ni nafsi ya pili umoja.