Siri ya aliyetoa habari: sheria inamlinda namna gani?

Katika makanisa yetu ya Kivu na Ituri wako watu wanaozungumza na waandishi wa habari: mama aliyekimbia kijiji chake, mwalimu asiyelipwa, mchungaji aliyezika waliouawa. Wengi wanaomba majina yao yasitajwe. Tunaeleza hapa ombi hilo lina nguvu gani mbele ya sheria.

Maana yake

Chanzo cha siri ni mtu anayempa mwandishi habari, hati au picha kwa sharti kwamba asijulikane. Kumlinda ni kutomlazimisha mwandishi amtaje, na kutopekua daftari wala simu yake ili apatikane. Haki hiyo inatajwa kuwa ya mwandishi, lakini anayekingwa kwanza ni yule aliyesema.

Sheria zilizopo

Katiba ya 18 Februari 2006 inatambua uhuru wa kutoa mawazo (kifungu cha 23) na haki ya kupata habari (kifungu cha 24). Sheria ya habari ya 22 Juni 1996 ilibadilishwa na ordonansi-sheria namba 23/009 ya 13 Machi 2023.

Tena inchi yetu ilikubali Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu mwaka 1987. Tume ya Afrika ilifafanua kifungu cha 9 cha mkataba huo katika Tamko la mwaka 2019. Kanuni ya 25 ya Tamko inasema mwandishi halazimishwi kutaja chanzo chake, isipokuwa mahakama iamuru baada ya kusikiliza pande zote kwa haki na hadharani. Hata hapo masharti matatu yatimizwe: jina liwe la lazima kwa kuchunguza kosa zito au kumtetea mshitakiwa, habari hiyo isipatikane kwa njia nyingine, na faida ya watu wote ipite hasara ya uhuru wa kusema. Kupeleleza simu ili kukwepa masharti hayo kumekatazwa.

Mambo yalivyo

Mnamo Septemba 2023 mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa kwa sababu ya makala juu ya kifo cha mwanasiasa Chérubin Okende. Simu na kompyuta yake vilichukuliwa. Alikaa gerezani miezi sita, akaachiliwa Machi 2024. Simu ikishachukuliwa, waliomwandikia wote wako hatarini.

Kwetu mashariki shida ni kubwa zaidi. Goma ilichukuliwa na M23 Januari 2025, na Bukavu Februari. Mahali ambapo mahakama za Serikali hazifanyi kazi, hakuna jaji wa kupima masharti haya.

Tufanye nini?

- Tupatane na mwandishi kabla ya kusema: jina, sauti, sura, kijiji na kazi. Katika kijiji kidogo, kusema tu "muuguzi wa kituo cha afya" ni kumtaja mtu.
- Tusitume hati kwa simu inayotumiwa na watu wengi.
- Mchungaji asitoe kwa mwandishi neno aliloambiwa kwa siri, bila ruhusa ya mwenyewe.
- Tusiulizane kanisani nani aliyesema redioni.
- Ukiitwa na parke, omba mwito ulioandikwa na utafute avoka kabla ya kujibu.

Shirika la Journaliste en danger, lililoanzishwa Kinshasa mwaka 1998, linafuatilia kesi za waandishi. Aliyetuamini na neno lake asipate hatari kupitia sisi.