UZI: Kisumu ilizaliwa na reli. Maswali ya kuuliza kabla hujapiga makofi

1. Kila msimu wa siasa ukifika kandokando ya ziwa, ahadi ni zile zile mbili. Moja, SGR itafika Kisumu. Mbili, na hii ni ya juzijuzi, mabasi ya mwendokasi yatamaliza msongamano mjini. Umati unashangilia, michoro inasambazwa, halafu tunakuja kutukanana humu. Leo sitaji mtu wala chama. Twende kwenye historia, maana mengi tunayobishania yalishatokea.

2. Tuanze kabla ya reli. Wengi wanalihusisha jina Kisumu na neno la Kiluo la kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali. Yaani watu walikuwa wanakutana hapa kwa biashara kabla Mzungu hajachora ramani yoyote. Kwa hiyo ile hadithi kwamba "hapakuwa na kitu mpaka reli ikaja" iacheni.

3. Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, na tarehe 20 Desemba 1901 ikagusa Ziwa Victoria. Kituo kikaitwa Port Florence, jina la mke wa mhandisi mmoja wa reli. Gharama: zaidi ya pauni milioni 5 za walipa kodi wa Uingereza. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Hiyo ndiyo bei ambayo huwa haitajwi tukisema "reli iliwafungua".

4. Mbona iliitwa Reli ya Uganda na iko Kenya? Kwa sababu ilipofika Kisumu ilikuwa imefika Uganda! Eneo hili lilikuwa mkoa wa mashariki wa himaya ya Uganda mpaka 1902, mpaka ulipohamishwa. Kumbukeni hili: Kisumu haikuwa lengo la reli. Lengo lilikuwa ng'ambo ya maji.

5. Ndio maana meli na reli zilikuja pamoja. SS William Mackinnon ilisafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini 1900, hata kabla reli haijafika. Zikafuata Winifred 1902 na Sybil 1903. Pamba ya Uganda ilivuka ziwa, ikapakiwa kwenye mabehewa Kisumu, ikateremka Mombasa. Mji ukawa na gati, karakana na stesheni. Kazi ikapatikana. Kwa nini? Kwa sababu kila mzigo wa ziwani ulilazimika kubadilisha chombo hapa.

6. Sasa sikilizeni vizuri. Miaka ya 1920 wakoloni waliamua njia kuu ipandishwe kutoka Nakuru kupitia Eldoret, kwenye mashamba ya walowezi, iingie Uganda kwa nchi kavu. Ilipofika Kampala 1931, mzigo wa Uganda haukuhitaji tena kupita Kisumu. Reli ilikuwa bado ipo, haikung'olewa hata chuma kimoja, lakini mji uliokuwa mwisho wa njia kuu ukageuka tawi.

7. Somo la kwanza ni hilo. Kuwa na reli hakutoshi. Swali ni reli hiyo inaelekea wapi na nani analazimika kupita kwako. Mwanasiasa akikwambia "reli itafika", muulize: ikishafika, itabeba nini, kutoka wapi, kwenda wapi?

8. Kisumu ilipata nafasi ya pili miaka ya 1960. Vikaja vivuko vya mabehewa, MV Umoja na MV Uhuru. Kivuko kina reli ndani yake: mabehewa yanaingia moja kwa moja kutoka gatini bila mtu kushusha gunia, yanavuka, yanatokea Mwanza au upande wa Uganda na kuendelea na safari. MV Victoria nayo, iliyounganishwa Kisumu, ilianza kubeba abiria 1961. Shirika la reli lilikuwa moja kwa nchi tatu, na ziwa lilikuwa kama barabara ya ndani.

9. Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mali ikagawanywa kama ya marehemu. MV Uhuru ikabaki Kenya. Umoja na Victoria zikaenda Tanzania. Mipaka ikawa migumu. Somo la pili: bandari ya ziwa inaishi kwa uhusiano na majirani. Unaweza kujenga gati la dhahabu, lakini ukigombana na Kampala na Dodoma utaegesha mitumbwi tu.

10. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kushuka. Malori yakachukua mzigo. Gugu maji likafunika ghuba miaka ya 1990. Mwaka 2006 reli ya Kenya na Uganda ikakodishwa kwa kampuni binafsi, na mkataba ukafikia mwisho 2017. Katikati ya hayo treni ya abiria ya Kisumu ikasimama. Kuna vijana wa Manyatta na Nyalenda waliokua wakijua reli kama njia ya mkato ya kwenda shule.

11. SGR sasa. Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa 2017. Kipande cha kwenda Suswa, upande wa Naivasha, kikazinduliwa Oktoba 2019. Mkopo wa kuendelea hadi Kisumu na Malaba haukupatikana wakati huo, reli ikaishia pale bondeni. Tangu hapo ahadi inarudi kila mara kama mvua za masika.

12. Badala yake ikakarabatiwa ile reli ya kale, takriban kilomita 217 kutoka Nakuru hadi Kisumu, pamoja na bandari. Desemba 2021 treni ya abiria ikarudi. MV Uhuru ikafufuliwa, na meli mpya, MV Uhuru II, ikaundwa hapa hapa. Kuna wanaocheka: "Mmepewa kuukuu, wenzenu wana mpya." Kicheko hicho kina sababu. Lakini behewa la reli ya kale linaingia kwenye kivuko leo. La SGR haliwezi kuteremka Kisumu mpaka mabilioni mengine yakopwe. Ukipima kazi na deni, sio upana wa chuma, hesabu inabadilika.

13. "Kwa hiyo unataka Nyanza ibaki nyuma?" Hapana. Hoja ya usawa ni ya kweli na msiidharau. Tangu 2013 kuna ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoagizwa kutoka nje. Mama anayeuza mitumba Kibuye anauchangia kupitia bei ya bale. Analipia reli isiyomfikia. Ana haki ya kuuliza hela yake iko wapi. Ninachosema ni kwamba jibu linaweza kuwa SGR, au meli, au reli ya kale ikiendeshwa kila siku. Lazima tulinganishe, sio tupewe moja kama zawadi.

14. Na tuulize nani analipa kwa ardhi yake. Mwishoni mwa 2019 vibanda vya samaki vya Lwang'ni, pale ufukweni, vilibomolewa. Februari 2021 ikawa zamu ya Kibos: nyumba za jamii ya Wanubi zilibomolewa kwa sababu ya ardhi ya reli, wakati wa kafyu ya korona. Hao ni watu ambao wazee wao waliwekwa pale na serikali ya kikoloni. Reli iliyorudi kwa wengine iliondoka na paa lao. Mjadala wowote wa "maendeleo" usiowataja haujakamilika.

15. Sasa mjini. Reli haikuwahi kumbeba mtu wa Kondele kwenda kazini. Kilichombeba ni miguu, kisha baiskeli ya bodaboda, kisha matatu, zilizofunguliwa njia kisheria na tamko la rais la 1973. Mwaka 2008 serikali ikaondoa ushuru kwenye pikipiki ndogo, barabara zikajaa. Tuktuk zikaongezeka. Huo ndio mtandao wetu wa usafiri. Uliundwa na vijana wasio na ajira na sera ya kodi, bila mchoro hata mmoja.

16. Mwendokasi ni nini hasa? Sio basi refu lenye rangi nzuri. Ni njia yake yenyewe isiyoingiliwa na magari mengine, tiketi inayolipwa kabla ya kupanda, na mabasi yanayofuatana kwa dakika chache. Dar es Salaam ilianza Mei 2016 na takriban kilomita 21, Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi. Dar ilikuwa na watu zaidi ya milioni 4 kwenye sensa ya 2012, na hata hivyo abiria wanalalamika mabasi ni machache. Kisumu ilikuwa na karibu watu 400,000 kwenye sensa ya 2019.

17. Kwa hiyo barabara ya mwendokasi kutoka Nyamasaria hadi Kisian inaweza kukosa abiria wa kuijaza. Je, tukae tu? La. Mpango wa usafiri endelevu wa jiji, wa 2020, ulianza na vitu vidogo: njia za waenda kwa miguu, za baiskeli, steji zenye mpangilio. Havipendezi kwenye bango la kampeni. Lakini yule anayetembea kutoka Obunga kwenda kazini alfajiri ndiye abiria mkubwa zaidi wa jiji hili, na hana hata ukingo wa barabara wa kukanyaga.

18. Nani wa kuulizwa? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi. Reli na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Barabara za kaunti, maegesho, usafiri wa umma wa barabarani, vivuko na bandari, bila usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa, ni za kaunti. Mgombea wa kaunti akikuahidi SGR, anakuahidi kitu kisicho mezani kwake. Akisema msongamano wa matatu ni kosa la Nairobi, anakwepa kilicho mezani kwake.

19. Maswali ya kubeba kwenye mkutano ujao:
– Reli hiyo itabeba mzigo gani, na umeongea na Uganda na Tanzania?
– Deni litalipwa na nani, kwa miaka mingapi?
– Nani atahamishwa, na atalipwa kabla au baada ya tingatinga?
– Treni itakuja mara ngapi kwa wiki?
– Mwenye bodaboda atapata nafasi gani kwenye mpango wako?

20. Mtu akikujibu hata matatu kati ya hayo kwa takwimu, msikilize, hata kama humpendi. Akikujibu kwa wimbo, cheza wimbo, lakini kura yako iweke mfukoni kwanza. Sambaza kwa kikundi chenu cha WhatsApp, hasa kile chenye wazee. Wao walipanda ile treni, na watatusahihisha.